Prosesa ya zamani: ukiongeza mwendo, hesabu joto kwanza

Mfanyabiashara mwenye kompyuta ya mezani ya mwaka 2011 au 2012 ana njia mbili pale mashine inapoanza kujikokota: aingie sokoni kununua nyingine, au aibane ile ile itoe zaidi. Njia ya pili mafundi huiita ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa mwendo unaozidi ule uliopangwa na kiwanda. Kwa kuwa haina ada, wengi huiona faida ya bure. Sokoni hakuna kitu cha bure. Hii nayo hulipiwa kwa umeme, kwa joto, na usipoangalia, kwa hesabu zote za duka.

Mvuto wake ni wa siku nyingi. Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A kwa dola 149, na wakati huo huo Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Wajanja waligundua kwamba nyingi za hizo Celeron za megahezi 300 zilikubali kwenda 450. Tofauti ya dola 520 ilibaki mfukoni.

Inawezekana kwa sababu kiwanda hupanga mwendo ambao kila prosesa ya aina hiyo itauhimili kwa miaka, hata katika chumba chenye joto. Hivyo nyingi hubaki na akiba. Lakini akiba hiyo hailingani: mbili za toleo moja, moja itafika mbali na nyingine itagoma mapema.

Si kila mashine inafaa

Tuchukue Core i5-2500K, iliyotoka Januari 2011 kwa dola 216. Mwendo wake wa msingi ni gigahezi 3.3. Herufi K mwishoni ndiyo yenye thamani: maana yake kizidishio cha mwendo hakikufungwa. Ndugu yake i5-2400, inayopatikana katika kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, haina K. Ubao mkuu nao lazima uwe wa aina inayoruhusu, kama P67, Z68 au Z77. Ukiwa na H61, hata K haikusaidii. Muuzaji akikuongezea bei kwa ajili ya "K", mwambie afungue akuonyeshe ubao.

Gharama ya nyongeza

Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini volti ikiongezwa hupanda kwa volti mara volti. Tuseme unatoka gigahezi 3.3 kwenda 4.2, na volti inatoka 1.2 kwenda 1.3. Mwendo umeongezeka asilimia 27. Umeme umeongezeka karibu asilimia 49. Kwa prosesa ya wati 95, hiyo ni nyongeza ya wati 46 hivi inapofanya kazi nzito. Saa nane kwa siku, siku 26, ni uniti tisa na nusu kwa mwezi. Na umeme wote huo hugeuka joto ndani ya boksi. Chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, prosesa nayo huanza safari ikiwa juu kwa nyuzi kumi hivi.

Hatua za usalama

Kwanza, nakili hesabu na orodha za wateja kwenye diski nyingine, uitoe kabisa kwenye mashine. Prosesa iliyobanwa kupita kiasi si lazima izime. Inaweza kukosea kimya kimya na kuharibu faili.

Pili, toa vumbi, paka upya dawa ya kupitisha joto, na weka kipoza joto kikubwa kuliko kile cha kiwandani. Hakikisha kifaa cha kugawa umeme ni kizima na cha ubora.

Tatu, ingia kwenye bayosi, panda kizidishio ngazi moja moja. Kila ngazi ni megahezi 100. Usiguse mwendo wa msingi wa 100, kwa sababu katika kizazi hiki unafungamana na njia za diski na kadi, na data inaweza kuharibika.

Nne, kila baada ya ngazi, pima kwa programu ya kazi nzito kama Prime95 huku ukisoma joto. Likifika nyuzi 80, simama. Ukishapata mwendo unaoutaka, iache ipimwe saa kadhaa mfululizo.

Tano, mashine ikigoma, rudi ngazi moja chini kabla ya kufikiria kuongeza volti. Kwa matumizi ya kila siku usivuke 1.35. Joto na volti ndivyo vinavyofupisha maisha ya prosesa.

Uamuzi wa mwekezaji

Kabla ya yote hayo, jiulize kinachochelewesha ni nini. Duka linalotumia daftari la hesabu na risiti, mara nyingi ucheleweshaji uko kwenye diski ya zamani inayozunguka au kumbukumbu ndogo. Diski ya SSD itakupa nafuu utakayoiona siku hiyo hiyo, bila kuongeza joto. Ovakloki humfaa anayehariri picha na video, au mwenye majedwali mazito ya hesabu.

Kumbuka pia kwamba Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na prosesa za kizazi hiki hazimo katika orodha ya Windows 11. Kwa hiyo usizamishe mtaji mkubwa kwenye vipoza joto vya bei. Kama mashine ni yako, ina K na ubao unaruhusu, chukua ngazi chache zinazokubalika bila kuongeza volti, kisha ridhika. Kama unanunua iliyotumika, mtake muuzaji airudishe kwenye mipangilio ya kiwanda, uijaribu mbele yake. Ikigoma hata kwa mwendo wake wa kuzaliwa, funga pochi yako.