Kwa nini kasi pekee haielezi hatari ya miteremko ya Kericho

ZAIDI ya watu 50 waliangamia jioni ya Juni 30, 2023 katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori la kontena lilipopoteza mwelekeo na kugonga magari, wapita njia na wachuuzi kando ya barabara. Oktoba 10, 2018, zaidi ya abiria 50 walikuwa wamefariki basi lilipobingirika karibu na Fort Ternan, katika kaunti iyo hiyo.

Mikasa ya aina hii inapotokea, lawama huelekezwa kwa kasi. Hata hivyo, wanafizikia hutofautisha mambo matatu: kasi, velositi na mchapuko.

Kasi ni umbali unaosafiriwa kwa muda fulani. Lori la majanichai linalopita Litein kwa kilomita 50 kwa saa lina kasi hiyo, liwe linaelekea Kericho au Sotik. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo. Hivyo basi, malori mawili yanayopishana kwa kasi sawa yana velositi tofauti.

Mchapuko nao ni kiwango cha kubadilika kwa velositi kadiri muda unavyosonga. Gari linaloongeza mwendo lina mchapuko, na linalofunga breki pia linao, ila unaelekea kinyume na mwendo wake. Hata gari linalokata kona bila kubadilisha kasi lina mchapuko, kwa kuwa mwelekeo wake unabadilika.

Chukua mfano wa barabara inayoteremka mita 6 katika kila mita 100. Baada ya kuondoa ukinzani wa magurudumu na upepo, lori lisilozuiwa na breki wala injini huongeza karibu nusu mita kwa sekunde, kila sekunde. Likianza kwa kilomita 36 kwa saa, baada ya nusu dakika litakuwa likienda kwa kilomita 90.

Hapa ndipo penye kitendawili cha vidhibiti mwendo, vilivyolazimishwa katika matatu na magari ya mizigo kupitia kanuni za mwaka 2003 za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Kifaa hicho huzuia injini kulisukuma gari kupita kilomita 80 kwa saa. Hakina uwezo wa kuzuia mvuto wa dunia.

Ndiyo maana dereva hushauriwa kuingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kulizuia gari. Anayetegemea breki pekee huzipasha moto hadi zinapoishiwa nguvu, huku mchapuko ukiendelea.

Kusimama nako kuna hesabu yake. Kwenye barabara tambarare na kavu, gari linalopunguza mita 5 kwa sekunde, kila sekunde, huhitaji takriban mita 19 kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa. Kutoka kilomita 100, huhitaji mita 77. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali huongezeka mara nne.

Kanuni iyo hiyo hutawala kona: ukiiingia kwa kasi maradufu, magurudumu hudaiwa nguvu mara nne ili yasiteleze. Katika eneo la majanichai, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, lami iliyolowa haina nguvu hizo za kukopesha.