Utoto Kazini na Namna ya Kuukanya

Mtu aweza kuwa na ndevu na watoto watatu, na bado akafika kazini na tabia za mvulana wa shule. Akikosolewa hununa siku mbili. Akiombwa kitabu hukitupa mezani. Mwenzake akikosea hesabu humcheka mbele ya wageni. Haibi wala halewi, kwa hiyo wakubwa humwacha. Lakini madhara yake si madogo.

Tuchukue mathalani kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, siku ya mavuno. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku ile ile. Ikilala huanza kuchacha, na ubora wake hushuka. Sasa karani wa mizani amekasirika kwa kuwa mwenzake amemtania. Kwa makusudi anaandika polepole, na kilo chache za mama mmoja anazitaja kwa sauti ya dhihaka. Foleni yafika barabarani. Hasira yake yawaangukia wakulima ambao hawakumkosea neno.

Hapo karani mkuu akipaza sauti, "Acha utoto!", amefanya jambo lile lile analolikataza. Neno hilo halimwambii mtu afanye nini. Lamwambia tu kwamba si kitu, tena mbele ya wazee wa kijijini kwake. Atajibu kwa ukali, au atazidi kununa. Afadhali mtu mwingine ashike mizani kwa kitambo, kisha jioni ile ile, si baada ya wiki nzima, karani aitwe pembeni aambiwe kilichoonekana: "Ndugu yangu, leo saa nane uliicheka kahawa ya yule mama, na watu wakangoja. Kulikuwa na nini?" Kisha mkubwa anyamaze. Hili ndilo gumu, maana wakubwa wengi hupenda kuuliza na kujijibu wenyewe. Huenda likatokea jambo lililofichika: amenyimwa ruhusa, au mzaha wa wenzake umepita kiasi. Mwenye mzaha naye aitwe peke yake.

Mkosaji akiwa mkubwa kwa umri kuliko anayemkanya, maneno yaanze kwa "Mzee" na kwa salamu kamili, lakini kosa litajwe wazi. Adabu isiwe pazia la kulifunika.

Tabia ikiendelea, iandikwe pamoja na tarehe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwapo, na utetezi wake usikilizwe. Ajabu ni kwamba wengi hawampi ustahi huo hata yule wanayetaka abaki.

Lakini karani wetu hajafika huko. Kesho yake akija, asalimiwe kama wengine, habari za jana zisirudiwe mbele ya watu, naye akabidhiwe mizani yake.