Bei ya mpiga picha lazima irudishe kamera

Mpiga picha anayeanza kazi ya kujitegemea huuliza kwanza wenzake wanatoza kiasi gani, kisha hutaja bei ya chini kidogo ili apate wateja. Wateja hupatikana. Tatizo hujitokeza mwaka wa tatu, kamera inapochakaa na fedha za kununulia nyingine hazipo. Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara hii, au kumnunulia kijana vifaa ili wagawane faida, hesabu hufanywa kabla ya kazi ya kwanza.

Gharama za mwaka

Chukua mfano wa mpiga picha za harusi jijini Dar es Salaam mwenye vifaa vya Sh. 9,000,000. Kamera huisha kwa kupigwa. Canon EOS 5D Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, ilikadiriwa na mtengenezaji kuhimili mapigo 150,000. Kwa kazi 40 za mapigo 1,250 kila moja, kiwango hicho hufikiwa kwa miaka mitatu. Vifaa vyote vikikadiriwa kwa muda huo, uchakavu ni Sh. 3,000,000 kwa mwaka.

Kazi 40 si chache. Harusi nyingi hufanyika Jumamosi, nazo ni 52 tu kwa mwaka, na Kwaresima na Ramadhani hupunguza shughuli.

Ongeza Sh. 1,800,000 za leseni, umeme, intaneti, matengenezo na matangazo, na Sh. 7,200,000 za mwenyewe kujikimu, yaani Sh. 600,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh. 12,000,000. Zikigawanywa kwa kazi 40, kila siku ya kazi inabeba Sh. 300,000 kabla ya nauli na msaidizi.

Anayetoza Sh. 275,000 na kutumia Sh. 50,000 siku ya shughuli hubaki na Sh. 225,000. Kwa mwaka ni Sh. 9,000,000. Upungufu wa Sh. 3,000,000 ndizo fedha za kamera. Mtu huyo ana kazi kila wiki, lakini anakula mtaji.

Vifurushi vitatu

Mteja akipewa bei moja, hubaki kukubali au kukataa. Akipewa tatu, hulinganisha. Cha kwanza kinaweza kuwa ibada na ukumbi, picha zikikabidhiwa kwenye flashi: gharama za siku Sh. 50,000, bei Sh. 380,000. Cha pili kinaongeza msaidizi na albamu: gharama Sh. 200,000, bei Sh. 580,000. Hiki ndicho cha kusukuma sokoni, kwani faida yake ni Sh. 80,000 badala ya 30,000.

Cha tatu kinajumuisha sendofu na harusi. Hapa wengi hukosea kwa kuitoza siku ya pili kama nyongeza ndogo. Siku mbili zimetoka katika zile 40, hivyo hubeba Sh. 600,000. Gharama za Sh. 400,000 zikiongezwa, bei isiyoleta faida wala hasara ni Sh. 1,000,000. Kuuza kwa Sh. 1,150,000 ni halali ya muuzaji.

Kamati ikiomba punguzo

Kamati za harusi hutegemea michango, na kuomba punguzo ni sehemu ya kazi yao. Jibu la kibiashara ni kupunguza kazi: albamu iondolewe, au saa zipungue, bei ishuke kwa kiasi hicho hicho. Bei ikishuka huku kazi ikibaki ile ile, kamati ya pili itaianzia hapo.

Michango huchelewa. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje nusu ya malipo wakati wa kushika tarehe, na salio kabla ya kukabidhi picha. Baada ya sherehe kamati huvunjwa, na mdai hubaki hana wa kumdai.