Kabla hujamkata kasuku mabawa

Jirani yetu mmoja hapa Mji wa Kale alimkata kasuku wake manyoya ya bawa moja, akawa anamwacha roshanini bila wasiwasi. Miezi ikapita. Asubuhi moja ndege akashtuliwa na honi ya tuktuk, akaruka, akayumba, akaanguka kifua chini hadi njiani. Jirani akabaki kuuliza: "Si nilishamkata huyu?"

Swali hilo ndilo linalotuponza wengi. Unyoya uliokomaa ni kama ukucha, ukikatwa hauumi wala hautoi damu. Ila haurefuki tena kama ukucha. Kigutu hubaki pale pale mpaka ndege apukutishe manyoya, jambo ambalo kwa kasuku wengi huja kama mara moja kwa mwaka. Kigutu huanguka, unyoya mpya ukachomoza. Wala hayaoti yote pamoja. Mmoja leo, mwengine baada ya wiki kadhaa. Yakirudi machache tu, upepo wa bahari unatosha kumchukua.

Unyoya unaoota una damu ndani ya mrija wake, na huonekana mweusi-mweusi kwenye shina. Ukikatwa au ukivunjika, damu hutoka nyingi. Ubane kwa kitambaa safi, tia unga wa ngano kidogo penye damu, kisha umuwahishe ndege kwa daktari wa mifugo. Na kuung'oa unyoya ili usiote ni kumtesa ndege bure, kwani mwengine huanza kuota papo hapo.

Kukata bawa moja humkosesha mizani, akaanguka kama jiwe. Ikibidi kukata, yawe mabawa yote mawili, manyoya machache, kwa mkono wa mjuzi. Kinda naye aachwe kwanza ajifunze kuruka.

Bora zaidi ni kutomkata kabisa. Weka wavu dirishani, zima pangaboi anapokuwa nje ya tundu, na tundu liwe pana la kunyoosha mabawa.

Tusisahau sheria pia. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa mwituni imepigwa marufuku tangu 2017, na hapa kwetu kumfuga kunahitaji kibali cha KWS.

Sote tunakijua kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa. Ndege aliye tunduni ni amana, naye hana wa kumshitakia ila Mola wake.