Kuhamisha na Kung'oa Miti Midogo ya Bustani



Watu wengi wajua kupanda, lakini si wengi wajuao kuhamisha mti mdogo uliokwisha shika mizizi, na ni wachache zaidi wajuao kuuondoa usirudi tena. Mwaka huu shuleni petu tumezifanya kazi hizo zote mbili, kwa kuwa darasa jipya litajengwa mahali palipokuwa bustani yetu ya mbele. Mimi niliwekwa kuwa mkuu wa wanafunzi waliofanya kazi, na Bruda wa shamba alikuwa mwalimu wetu. Nimeona vema niyaeleze tuliyojifunza, yapate kumfaa hata mtu mwenye kiwanja kidogo nyumbani kwake.

Jambo la kwanza ni kufahamu ya kuwa uhai wa mti umo chini ya ardhi. Mizizi minene tunayoiona tukichimba kazi yake ni kuushika mti usianguke na kuweka akiba ya chakula. Inayokunywa maji ni ile myembamba kama nywele, nayo iko mbali na shina. Mara nyingi hupita hata ncha za matawi. Kwa hiyo mtu akichimba karibu na shina na kuvuta kwa nguvu, huacha vinywa vya mti udongoni. Majani huendelea kutoa maji hewani kama jana, na chini hakuna kinachonywa. Siku ya tatu mti umenyauka, na watu husema udongo mpya ni mbaya. Udongo hauna kosa.

Kabla ya kushika jembe, yafaa kuuliza maswali mawili. Swali la kwanza: Je, mti huu wasimama hapa kwa sababu gani? Hapa kwetu Uganda drasena hupandwa mpakani, kama Wachaga wa Kilimanjaro wafanyavyo kwa mti huo huo, nao huuita isale. Drasena ya mpakani ni shahidi wa shamba. Anayeing'oa usiku ameng'oa shahidi, na ugomvi wake waweza kudumu hata kwa wajukuu. Upande wa chini wa bustani yetu palikuwa na drasena tatu. Tulimwita mzee jirani, akatuonyesha ya kuwa ndizo mpaka wake na shule. Tuliziacha pale pale.

Swali la pili: Je, mti huu wastahili kuhamishwa? Haibiskasi huota upesi kwa vijiti vya urefu wa shibiri moja, basi hakuna haja ya kujitesa kwa mti mzima. Bogenvilia kubwa haipendi kabisa kuguswa mizizi. Nayo ni afadhali kukata vijiti na kuanza upya. Lakini miwaridi yetu ilipandwa na wanafunzi waliotutangulia, na shina zake bado zilikuwa na nguvu. Hiyo tulikata shauri kuihamisha.

Kazi ilianza mwezi wa Januari, miezi miwili kabla ya mvua za Machi. Kila mwaridi tuliuzungushia duara, sentimita 30 kutoka shinani, tukachimba mfereji mwembamba na kukata mizizi kwa sepetu kali. Mzizi uliokatwa vizuri hupona, uliochanika huoza. Kisha tulirudisha udongo pamoja na samadi iliyokwisha oza, tukamwagilia mpaka mvua. Maana yake ni hii: mti ukikatwa mizizi ya mbali huotesha myembamba mipya karibu na shina, na hiyo ndiyo itakayosafiri nao.

Mvua zilipoanza tulingoja siku ya mawingu. Jana yake tulikuwa tumemwagilia maji mengi ili udongo ushikamane. Tulipunguza matawi kwa theluthi moja, maana mti uliopoteza mizizi hauwezi kunywesha majani yote ya zamani. Ndipo tukachimba nje kidogo ya mfereji wa kwanza, tukaingia chini ya bonge la udongo, tukaliinamisha na kupitisha gunia chini yake, kisha tukalifunga kwa kamba. Wanafunzi wanne walilibeba kwa kushika gunia. Asishike mtu shina, kwa kuwa uzito wa udongo utakata mizizi yote.

Shimo jipya lazima liwe tayari. Upana wake uwe mara mbili ya bonge, lakini kina kiwe sawasawa na kile cha zamani. Ukiuzika mti kuliko ulivyozoea, shina litaoza. Weka kijiti juu ya shimo upate kupima. Gunia la katani likibaki chini litaoza lenyewe, lakini la plastiki liondolewe kabisa. Jaza udongo, shindilia polepole kwa mguu, mwagilia, kisha tandaza majani makavu pasipo kugusa shina. Samadi mbichi usitie, maana huunguza mizizi. Mvua ikikatika, mpe kila mti ndoo moja kila baada ya siku mbili.

Tena, majani yakipukutika usikate tamaa. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani, mti ungali hai. Miwaridi yetu 14 ilipukutika yote, na baadaye 12 ilichipua.

Sasa nije kwenye kuondoa. Hapa kazi yageuka: anayehamisha huuchunga mzizi, anayeondoa huufuata mpaka aupate. Ukuta wa mnyaa tuliukata kwa hadhari kubwa, maana utomvu wake mweupe ukiingia machoni waweza kupofusha. Wakataji walivaa miwani ya karakana na mikono mirefu, na ndoo ya maji safi iliwekwa karibu.

Kichaka cha lantana kilikuwa kando ya njia iendayo kisimani. Waganda huuita mmea huo kayukiyuki. Asili yake ni nchi za joto za Marekani, nao uliletwa kwa uzuri wa maua yake. Ukikatwa kwa panga tu huchipua mara. Ukichomwa moto juu, shina lililo udongoni hubaki. Hapana budi kuchimba kwa sururu na kutoa shina lote na mizizi yake minene. Yafaa kufanya hivyo kabla matunda hayajaiva, maana ndege huyala na kupanda mbegu kila mahali. Kisha palilia miche kila msimu wa mvua, na upande mara moja kitu kingine cha kuleta kivuli, kwa kuwa lantana hupenda jua.

Labda msomaji atasema kichaka ni kichaka tu. Nyumbani kwetu Busoga, nilipokuwa darasa la saba, kiangazi kilimaliza majani na mtamba wa babu akala lantana. Macho yalikuwa manjano, ngozi ya pua na masikio ikababuka kwa jua, akawa akijificha kivulini mpaka akafa. Mtamba huyo alikuwa amewekwa kwa karo yangu ya kidato cha kwanza. Babu aliuza kipande cha shamba badala yake.

Na kuna lililo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1976 ugonjwa wa malale ulizuka tena Busoga na kuwapata watu maelfu katika miaka iliyofuata. Mashamba ya kahawa na pamba yaliyoachwa bila kupaliliwa yalikuwa yamegeuka vichaka vya lantana, na humo mbung'o wakapata kivuli na unyevu karibu na nyumba za watu.

Basi, wenzangu, mwendapo likizo tazameni kila mti ulio karibu na nyumba. Ulio shahidi wa mpaka uacheni. Wenye faida ulio mahali pabaya anzeni kuutayarisha miezi miwili kabla ya mvua. Wenye madhara uchimbeni ungali mchanga. Mche wa lantana hung'olewa na mtoto kwa mkono mmoja. Ukipata miaka mitano, utataka watu wazima wawili na sururu, na kutwa nzima ya kazi.