Viwambo viwili: Jinsi ya kuupanga ukanda wa kazi usikupoteze

KATIKA vyumba vya habari, afisi za uhasibu na hata nyumbani kwa wengi, si ajabu siku hizi kukuta kompyuta moja iliyounganishwa na viwambo viwili. Kimoja hubeba taarifa inayohaririwa, cha pili ukurasa unaopangwa. Nafasi huongezeka maradufu, ila uwezekano wa kupotea nao huongezeka vivyo hivyo.

Nasema haya kwa kuwa yalinifika. Jioni moja, saa ya kufunga kurasa ikiwa imewadia, nilikuwa nimefungua nakala mbili za tanzia moja: ya asubuhi na ya mwisho. Zote zilikuwa zimerundikwa chini ya ikoni moja kwenye ule ukanda mwembamba ulio chini ya kiwambo. Nikabofya, nikasahihisha jina la marehemu lililokuwa limekosewa, nikahifadhi. Kumbe nilikuwa ndani ya nakala ya asubuhi, ilhali iliyokwenda mtamboni ilikuwa imejificha kwenye kiwambo cha pili, nyuma ya dirisha la barua pepe. Siku iliyofuata ikabidi familia iombwe radhi.

Ukanda huo, tuuite ukanda wa kazi, uliletwa na Windows 95 mnamo 1995. Windows 98 ikawezesha kompyuta kutumia zaidi ya kiwambo kimoja, lakini ukanda ukabaki kwenye kiwambo kikuu pekee hadi Windows 8 ilipotolewa mwaka wa 2012. Kabla ya hapo, aliyetaka ukanda wa pili alilazimika kutafuta programu za ziada, mathalan UltraMon au DisplayFusion.

Kwa anayetumia Windows 11, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali palipo wazi kwenye ukanda, kisha uchague mipangilio yake. Teremka hadi sehemu ya mwisho, inayohusu mienendo ya ukanda. Humo mna kisanduku cha kuufanya uonekane kwenye viwambo vyote. Kitie alama.

Chini yake pana swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma: vitufe vya madirisha vionekane wapi? Majibu ni matatu. La kwanza huonyesha kila dirisha kwenye kanda zote. La pili huyaonyesha yote kwenye ukanda mkuu, na pia kila moja kwenye ukanda wa kiwambo lilikofunguliwa. La tatu huonyesha kila dirisha kwenye ukanda wa kiwambo lilipo, basi. Mimi nimeshikilia hili la tatu. Macho yakiwa upande wa kushoto, ukanda wa kushoto hunieleza yaliyo mbele yangu, wala sihitaji kukisia.

Hata hivyo, hilo pekee lisingeniokoa jioni ile. Dawa halisi ni kuzuia madirisha ya programu moja yasirundikwe pamoja, ili kila moja liwe na kitufe chake chenye jina la faili. Windows 11 ilipotoka mwaka wa 2021 haikuwa na uwezo huu, ulirejeshwa 2023. Angalia vyema: mpangilio wa ukanda mkuu ni mbali na ule wa kanda nyingine. Ukiubadilisha mmoja tu, kiwambo cha pili kitaendelea kurundika.

Ikoni za sauti na mtandao hukaa kwenye kiwambo kikuu, kwa hivyo kiteue kwa makini. Ingia katika mipangilio ya mfumo, upande wa maonyesho, uchague kiwambo unachokitazama zaidi na kukifanya kikuu. Papo hapo, hakikisha visanduku vyenye nambari vimepangwa kama viwambo vilivyo mezani. Vikigeuzwa, kishale kitagonga ukingo kama nzi kwenye kioo.

Wanaotumia Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025, watayakuta machaguo hayo hayo katika mipangilio ya ukanda.

Jambo jingine. Projekta ya mkutanoni huhesabiwa kuwa kiwambo cha pili. Ukanda ukiwa kwenye viwambo vyote na vitufe vyake vina majina, waalikwa wote watasoma kuwa umefungua barua ya kujiuzulu. Kabla ya kuunganisha projekta, ondoa ile alama ya kwanza, au ubonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P ili uchague kitakachoonyeshwa.

Na dirisha likipotelea upande wa pili, libofye kwenye ukanda, kisha ushikilie kitufe cha nembo pamoja na Shift na ubonyeze mshale wa kushoto au kulia. Litarukia kiwambo kingine. Lijaribu hilo ukiwa na faili mbili zisizo na thamani, mchana, kabla ya saa ya kufunga kurasa.