Baiskeli Kongwe ya Kifaransa na Somo la Kawangware

Wengi wetu tuliolelewa pwani twaijua baiskeli ya namna moja: ile nyeusi na nzito, yenye breki za vyuma, iitwayo Black Mamba. Nilijifunza kupanda na kuitengeneza ningali mdogo, na ndiyo iliyonifanya nijione mjuzi.

Ijumaa moja, baada ya kutoka Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, nilipanda matatu hadi Kawangware kwa fundi mzee anayehuisha baiskeli za mitumba. Ukutani ilitundikwa baiskeli ya kijani iliyofifia. Nembo yake ilikuwa imebanduka, lakini breki zilikuwa na chapa ya Mafac na gia chapa ya Simplex, zote za Ufaransa. Sikuthubutu kuinasibisha na mtengenezaji yeyote, ila niliipenda, nikainunua.

Uzuri wa baiskeli hizi za safari umo katika maungio. Mabomba yake ni membamba katikati na manene kwenye ncha. Hutiwa ndani ya vikono vya chuma, kisha hulehemiwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Moto ukizidi, bomba hudhoofika. Ukipungua, shaba haipenyi. Mafundi kama Alex Singer, aliyefungua karakana Levallois-Perret, kando ya Paris, mwaka 1938, na mwenziwe René Herse, walimpima mpandaji kama mshonaji anavyompima mwenye kanzu. Madgadi, keria na taa vilitengenezwa kuifuata fremu ileile, si kubandikwa baadaye.

Magurudumu yake nayo yana kipimo chake, 650B, ambacho rimu yake ni milimita 584. Tairi la inchi 26 la baiskeli za milimani ni la rimu ya milimita 559, basi halivai. Nililijua hilo baada ya kununua mawili.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Tulipotaka kufungua kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli, mwanafunzi wa fundi, kijana mdogo, aliniambia, "Sheikh, naona hii yafunguka kama nati ya kawaida." Nikamkemea mbele ya wateja: "Mwanangu, mimi nimezifungua hizi kabla hujazaliwa. Zungusha kufuata mwendo wa saa!" Akatii. Kikombe kikazidi kukaza, spana ikateleza, vidole vyake vikachubuka vikatoka damu.

Mzee alikuja, akakagua hesi, akatabasamu. Baiskeli za Kiingereza, akasema, upande huo hufunguka kinyume cha kawaida. Za Kifaransa, pande zote mbili hufunguka kama nati yoyote. Kijana alikuwa sahihi. Tungeongeza bomba kwenye spana kama nilivyokusudia, tungeliharibu ganda la fremu iliyodumu miaka mingi.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya walewale walionisikia. Aibu ya hadharani haifutwi faraghani. Akajibu, "Hakuna neno, Sheikh," lakini niliona uso wake ukikunjuka.

Sasa naipanda asubuhi, kutoka Kangemi kuelekea Westlands, kabla magari hayajajaa Waiyaki Way. Ni nyepesi, haina kelele. Kila nikikanyaga pedeli, navikumbuka vile vidole. Nasi wazazi na walimu, tunapoambiwa jambo na mtoto, tusikaze kabla ya kutazama hesi.